Singeli, Bongo Fleva au taarab: video ya mradi wenu ishutiwe kwa muziki upi?

"Shikamoo kaka. Kamera tumeshapata, wimbo bado."

Simu ya namna hii naipata kila miradi ya mwisho ya chuo inapokaribia, na kila mara najua jamaa wameanzia mwisho. Kamera huazimwa. Kinachoiokoa au kuizamisha video ya wanafunzi ni aina ya muziki waliouchagua, kwa sababu mradi hauwaombi video nzuri tu. Unawataka waonyeshe kwamba wanayajua mazoea ya muziki huo, kisha waeleze ni lipi wamelifuata, lipi wameliendeleza na lipi wamelivunja makusudi. Walimu huyaita kaida za utanzu. Mimi huyaita mazoea ya macho: vile vitu ambavyo mtazamaji wa Manzese, Dar es Salaam, au wa Ng'ambo, Unguja, asipoviona atauliza viko wapi.

Nimekaa kwenye meza ya kuhariri na vikundi vingi vya namna hiyo, kwanza kikundi changu mwenyewe nikiwa mwanafunzi, baadaye vya wadogo zangu waliofuata, na msimamo ninao. Zoea huvunjwa mbele ya mtu anayelijua, tena baada ya kulitimiza. Ukilivunja kabla hujalitimiza, mtazamaji haoni ubunifu wowote. Anaona mmeshindwa. Kwa hiyo ninapolinganisha miziki hii siulizi upi mtamu. Nauliza mazoea yake yanagharimu nini, na moja likivunjwa, litaonekana?

Bongo Fleva: zoea lake ni pesa

Kikundi kikiwa na watu watano, wanne watataka Bongo Fleva. Ndio muziki waliokulia nao, na jina lenyewe lina majivuno yake: Bongo ni ule ubongo unaohitajika ili mtu aishi Dar es Salaam. Miaka ya 1990, vijana walipoichukua rap ya Marekani wakaitia Kiswahili, video zake zilikuwa kazi nyepesi: washkaji ukutani, kofia, jezi kubwa, kamera ikiwatazama kutoka chini. Mwanafunzi wa leo angeimaliza video ya vile kwa siku moja. Lakini macho hayakubaki kule. Kuanzia miaka ya 2010 wasanii wakubwa walianza kusafiri hadi Afrika Kusini kushuti, wakifuata waongozaji, taa na majumba, maana walitaka video zao zikae kwenye runinga moja na za Wanaijeria bila aibu. Kiwango kikapanda, na hakijashuka.

Leo mtazamaji akisikia tu gitaa la utangulizi, tayari anasubiri gari, nyumba yenye ngazi za vioo, ufukwe uliopigwa na droni, nguo zisizopungua pea tatu, na yule dada asiye na jina ambaye kazi yake ni kutazamwa, video kwini. Kila kimoja hapo kina bei. Hapo ndipo wanafunzi wanapokwama, kwa sababu katika video ya Bongo Fleva ukosefu wa pesa hausomeki kama hoja. Unasomeka kama ukosefu wa pesa.

Sisi tuliazima gari la mjomba wa mwenzetu. Zuri, jeusi, limeng'arishwa, ila ubavu wa kushoto ulikuwa umebonyea. Ukiitazama video yetu leo utaona gari linapita mara nne, na mara zote nne linaelekea kulia. Kwenye ripoti niliandika kwamba mwelekeo ule unaashiria msimamo wa mhusika mkuu. Sijui aliyesahihisha alicheka kiasi gani.

Wengi hutafuta njia ya kutokea kwa ujanja uleule. Kijana anaimba kando ya gari kali, mwisho kamera inarudi nyuma tunagundua ni muosha magari. Au anaamka kitandani, kumbe ilikuwa ndoto. Zamani hilo lilikuwa pigo. Sasa limerudiwa mno hadi limekuwa zoea lenyewe, na mtazamaji huliona linakuja tangu beti la kwanza. Ukiandika kwamba umeipinga kaida kwa njia hiyo, umeifuata nyingine.

Lipo pengo moja ambalo halina bei, nalo ni huyo dada asiye na jina. Mwaka 1992 mwandishi wa mambo ya muziki na runinga, Andrew Goodwin, alipochambua video za muziki alitaja kati ya sifa zake kuu mbili zinazotuhusu hapa: sura ya msanii kupigwa karibu tena na tena, kwa sababu kampuni inauza sura ile, na mchezo wa kutazama, nani anamtazama nani. Basi geuzeni mchezo. Wimbo ni wa kijana anayesifu umbo la msichana. Katika beti la pili, sauti ibaki ileile ya kijana, lakini mdomo unaofuatisha maneno uwe wa msichana, yeye akiwa ameketi na kamera nyuma ya bega lake, na kijana ndiye anayepita, anageuka, anatazamwa. Shoti tatu tu. Nimeona ukumbi mzima wa wanafunzi ukilipuka kwa kicheko kwa shoti tatu kama hizo, kisha wavulana wakanyamaza kidogo. Lakini hata hapo, beti la kwanza lazima liwe Bongo Fleva iliyokamilika, na ukamilifu huo ndio ghali.

Kwa upande wa meza ya kuhariri, huu ndio muziki mpole kuliko yote. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika unakupa pigo moja kila sekunde 0.6, yaani fremu 15 ukishuti fremu 25 kwa sekunde. Mkato una nafasi ya kupumua. Mkitaka msanii atembee kwa slomosheni huku mdomo ukifuata maneno, chezeni wimbo kwa kasi maradufu wakati wa kushuti, kamera iwe fremu 50, kisha mpunguze nusu mezani. Msanii ataonekana kituko pale lokesheni. Mvumilieni.

Singeli: zoea lake ni mtaa na kasi

Sasa tuje uswahilini. Singeli imezaliwa kwenye mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye sherehe za usiku zinazoitwa vigodoro, ndani yake ukisikia mchiriku, ule muziki wa kinanda wa mitaani, ukisikia vipande vya taarab vilivyokatwa na kuzungushwa kwenye kompyuta hadi vikalia kama king'ora. Kwa muda mrefu watu wa mjini waliiita muziki wa wahuni. Kisha majina kama Msaga Sumu, Man Fongo na Dulla Makabila yakaingia redioni, na mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Ndipo wazungu wa matamasha wakaanza kuruka kwa mapigo ambayo mama zetu walikuwa wakiyapigia simu serikali ya mtaa yazimwe.

Mazoea yake ya macho? Vumbi. Uwanja au kichochoro. Umati usiolipwa, watoto mbele, wadada wamefunga kanga kiunoni. MC, yaani mwimbaji wake, ana maiki mkononi hata kama haijaunganishwa popote. Spika zimepangwa kama ukuta. Kamera inakimbia na watu, inagongwa, inaendelea. Angalia orodha hiyo uniambie kipi kina bei. Hakuna. Hapa upungufu wa kikundi chenu unageuka kuwa uhalali. Kamera iliyotikisika katika Bongo Fleva ni kosa, katika singeli ni ushahidi kwamba mlikuwepo.

Ila msidanganyike kwamba ni rahisi. Gharama ya singeli iko kwenye hesabu na kwenye adabu.

Hesabu kwanza. Singeli hukimbia mapigo kati ya 200 na 300 kwa dakika. Wimbo wa mapigo 240 unampa mhariri pigo moja kila robo sekunde, yaani fremu sita na robo. Hiyo robo ndiyo itakayowalaza macho. Ukikata kila pigo, baada ya sekunde chache mikato inateleza nje ya ngoma, na hata isipoteleza, jicho halioni kitu, linaona taa inayowakawaka. Siri ni kukata kwa mapigo manne manne. Kwa mapigo 240, manne ni sekunde moja kamili, fremu 25 juu ya alama. Kwa mapigo 300, kila pigo ni fremu tano kamili na manne ni ishirini. Ndiyo maana nawaambia vikundi vyangu: kabla ya kumpenda MC, ulizeni prodyuza kasi ya biti. Yapo mapigo yanayogawanyika kwenye fremu na yapo yasiyogawanyika, na kikundi kilichochagua yasiyogawanyika hukijua kwa macho mekundu.

Jingine la usiku: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Wekeni shata kwenye moja ya hamsini, la sivyo taa za mirija na zile taa za rangi za kukodi zitatambaa kwenye picha kama mistari ya maji. Kikundi kimoja kilipoteza usiku mzima wa kigodoro hivyo, na kigodoro hakirudiwi kwa sababu mwanafunzi amekosea.

Adabu sasa. Mtaa una wenyewe. Anzeni kwa mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ulizeni kibali cha kupiga picha mapema badala ya kungoja kuulizwa, na mzazi wa kila mtoto atakayeonekana karibu aambiwe. Sikilizeni pia maneno ya MC mstari kwa mstari. Singeli ina ulimi mkali, na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, haina utani: Novemba 2018 ilifungia wimbo wa wasanii wawili wakubwa kabisa wa nchi kwa kuona maneno yake si ya kimaadili. Mwanafunzi hatafungiwa na BASATA, atafungiwa na mkuu wa idara, na matokeo ni yaleyale.

Sasa swali lenyewe: mazoea rahisi kuyatimiza namna hii, mtavunja lipi?

Vikundi vingi hufikiria kuipeleka singeli ushuani, MC akirukaruka kwenye bwawa la Masaki. Mimi sipendi. Mtazamaji anasoma hilo kama msanii aliyefanikiwa, na mafanikio hayapingi kaida yoyote. Wengine huweka MC wa kike, kwa kuwa wengi wa MC ni wanaume. Hilo lina nguvu, mradi awe anaimba kweli. Dada wa darasani aliyeshikishwa maiki afuatishe mdomo wa mwanaume ataumbuka kwa mapigo 240, kwa sababu hata ulimi wake hautafika.

Lililonikaa kichwani mpaka leo ni la kikundi kilichoamua kuvunja kasi. Wimbo ukimbie, picha isikimbie. Walishuti shoti moja isiyokatwa, kamera ikimfuata binti aliyebeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi kwao, dakika tatu na kitu, anatembea taratibu asimwage. Muziki unapasuka, yeye anatembea. MC anamtokea njiani mara tatu, anamchombeza kwa mistari, anapitwa. Mwisho binti anafika, anatua ndoo, anamimina kwenye pipa.

Waliponionyesha mara ya kwanza ilikuwa ni hiyo shoti tu, kuanzia sekunde ya kwanza. Ilikuwa nzuri, na haikufanya kazi. Wenzao wa darasani waliuliza mtandao umekwama au vipi. Hawakujua kuna kitu kimevunjwa, kwa sababu hakikuwa kimejengwa. Tukarudi mtaani Jumamosi iliyofuata, tukashuti singeli ya kawaida kabisa: vumbi, spika, watoto, maiki isiyo na waya. Tukaweka sekunde 20 za mwanzo, mikato ishirini, mmoja kila sekunde. Watu wakaanza kutikisa mabega. Ndipo ikaja ile shoti ya binti, bila mkato, na ukumbi ukatulia kama uliomwagiwa maji. Shoti ni ileile, fremu kwa fremu. Sekunde 20 ndizo zilizoipa maana, na kwenye ripoti yao hawakuhitaji maneno makubwa, walieleza tu kilichotokea kabla na baada.

Kwa walioko Nairobi, kwa ufupi

Mtasema singeli si ya kwenu, na ni kweli. Nafasi yake kwenu huchukuliwa na gengetone, iliyolipuka mwaka 2018 na kundi la Ethic: vijana wamejazana mbele ya lenzi pana, nyuso zinavimba, nganya (matatu iliyorembwa) nyuma, mtaa mzima ndani. Mazoea ya bei nafuu vilevile, na tatizo la maneno ni lilelile, ila atakayewabishia hodi ni bodi ya filamu ya Kenya. Mkitaka kulivunja, vunjeni wingi. Kijana mmoja ndani ya nganya tupu iliyozimwa taa, akiimba mistari iliyoandikwa ya watu wanne, ni video ambayo ningependa kuiona.

Taarab: zoea lake ni hadhira

Huku wanafunzi hawaji, na hasara ni yao.

Wanaiona ya wazee. Wanasahau kwamba taarab tunayoijua ilitokana na kuvunja zoea. Ilikuwa muziki wa jumba la sultani Unguja, ukiimbwa Kiarabu, hadi Siti binti Saad, binti wa mfinyanzi kutoka Fumba, alipoiimba kwa Kiswahili na mwaka 1928 akaenda Bombay kuirekodi. Tangu hapo imebadilika mara kadhaa. Kuna ya asili, ya Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club, yenye ala za udi, kanuni na fidla, na wapigaji waliokaa kwenye viti wamevaa nadhifu. Kuna ya kisasa, ya vinanda na magitaa ya umeme, rusha roho na mipasho, yaani nyimbo za vijembe, iliyovuma Dar es Salaam miaka ya 1990 vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa wakipigana vijembe jukwaani. Chagueni moja. Video inayochanganya zote mbili bila sababu inaonekana imetengenezwa na watu wasiozijua zote mbili.

Zoea kubwa la picha katika taarab ni kwamba mwimbaji karibu hatikisiki. Anasimama, mkono mmoja maiki, mwingine unaeleza, uso ndio unaofanya kazi yote. Wanaosogea ni watazamaji. Mstari ukimgusa mtu, anainuka na noti, anakwenda mbele akicheza taratibu, anamtunza mwimbaji, na kabla hajarudi kitini anamtupia jicho yule ambaye mstari ule umeimbwa kwa ajili yake. Mwimbaji hakumtaja mtu. Mtunzaji naye hakumtaja mtu. Ukumbi mzima umeelewa.

Fikiria kama mwongozaji. Hadithi mmepewa bure: ukumbi mmoja, wanawake wawili, noti, jicho. Hakuna gari. Lokesheni ni moja na ina kivuli. Mapigo hayana haraka, mhariri anaweza kukata kwa macho ya watu badala ya kukata kwa ngoma.

Hapa pia ndipo penye somo zuri kuliko yote la uhusiano wa picha na maneno. Goodwin aliugawa mara tatu: picha huonyesha maneno yanavyosema, au huyaongezea, au huenda kinyume nayo. Wanafunzi wa Bongo Fleva huishi kwenye la kwanza: akiimba mvua, mvua inanyesha. Taarab inakukataza, kwa sababu imejengwa kwa mafumbo. Wimbo ukiimba kwamba mapera yameliwa na popo, mkaonyesha mpera na popo, mmegeuza fumbo kuwa kipindi cha kilimo. Mkionyesha mume wa mtu akitoka mlango usio wake, mmelifumbua mbele za watu, na huo ni utovu wa adabu. Onyesheni aliyesikia. Mwanamke mmoja anaacha kujipepea. Basi.

Na yapo ya kuendeleza na ya kuvunja tele. Kanga, kwa mfano. Mipasho na kanga ni ndugu, vyote husema bila kusema. Kikundi kimoja cha mabinti kilimfanya mwimbaji aimbe, na hasimu wake asijibu kwa mdomo hata mara moja. Kila beti likiisha, hasimu anapita mbele ya kamera akiwa na kanga nyingine, na jibu liko mgongoni: "Mdomo ulimponza kichwa." Beti jingine, kanga nyingine: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Mwisho: "Japo sipati tamaa sikati." Kanga waliziazima kwa mama zao na bibi zao, gharama ilikuwa nauli. Hilo halivunji zoea, linaliendeleza, na vikundi vingi husahau kwamba mradi unaliuliza hilo pia. La kuvunja walikuwa nalo moja: katika beti la mwisho anayeinuka kutunza ni mwanamume, na mwanamke anayetupiwa jicho anacheka.

Wazo jingine ambalo bado sijaona likifanywa vizuri ni kutunza kwa simu. Mtunzaji anainuka, anakwenda mbele, mkononi hana noti, anabonyeza, simu ya mwimbaji inalia mlio wa pesa kuingia katikati ya kiitikio. Je, hadhi ya kutunza inabaki kama hakuna aliyeona kiasi? Ripoti inajiandika yenyewe.

Ugumu wake? Urefu, kwanza. Wimbo wa taarab unaweza kwenda dakika kumi na zaidi, nanyi mmepewa tano. Msikate kiholela, maana beti zina mpangilio na fumbo lililofungwa beti la pili huenda limefunguliwa la sita. Kaeni na mtunzi, yeye ndiye achague. Pili, heshima. Hamwendi kwa wasanii wa taarab kama mnavyokwenda kwa MC wa kijiweni. Mnakwenda mchana, mnavaa vizuri, mnaanza na shikamoo kwa kila mmoja, na mnatulia. Niliwahi kwenda na wanafunzi kumwonyesha mama mmoja mwimbaji video yake iliyokwisha kuhaririwa. Walikuwa wamejitahidi: taa nzuri, uso wake umepigwa karibu dakika nne nzima. Alitazama hadi mwisho, akarudisha simu.

"Ahsanteni wanangu. Nimependeza. Lakini mbona nimeimba peke yangu? Watu wangu mmewapeleka wapi?"

Walikuwa wamepiga picha za hadhira, wakaziona zimetulia mno, wakaziacha. Tuliporudi mezani tukaanza upya.

Basi mchague ipi?

Mkiwa kikundi cha kawaida cha Dar es Salaam, kamera moja, laptopu moja inayopata joto, mmoja wenu anaishi mtaa wenye singeli na anajulikana huko, chagueni singeli. Siku moja na usiku mmoja wa kushuti vinatosha, mazoea mtayatimiza kwa alichonacho mtaa, na zoea moja mtakalolivunja litaonekana hata kwa aliyekaa nyuma kabisa. Vunjeni moja tu. Shoti ndefu, au ukimya, au asubuhi ya kigodoro watu wakifagia na kurudisha viti. Vyote vitatu kwa pamoja vitauana.

Kama kuna mmoja ambaye mama, shangazi au jirani yake ni mtu wa taarab, wekeni singeli kando mwende huko, hasa mkiwa Unguja, Tanga au Mombasa. Mtatumia wiki nzima kwenye adabu na mchana mmoja kwenye kamera, na ripoti yenu itakuwa na la kusema ambalo wenzenu hawana. Bila mtu wa ndani, msiende. Taarab iliyopigwa na wageni hujulikana katika dakika ya kwanza, watu wanainuka kutunza kabla mstari haujafika.

Bongo Fleva naiacha kwa wenye wimbo mzuri mno kuuacha, au mwenzao mwenye nyumba ya kweli na gari lisilobonyea. Wengine watasema ndio muziki wenye soko, na kwamba video ya mradi ni kadi ya kuombea kazi. Hawajakosea kabisa. Ila anayeajiri ameona video mia za magari, na yako ndiyo yenye gari la kuazima.

Na kabla ya yote, wimbo. Msichukue wimbo wa staa mtandaoni mkashuti juu yake. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 haina mlango unaoitwa "tulikuwa wanafunzi tu" kwa kazi mtakayoiweka YouTube, na hata kabla ya sheria, mfumo wa YouTube wenyewe utaitambua sauti na video yenu itafungwa au matangazo yake yatamlipa mwingine. MC chipukizi wa Tandale atawapa wimbo wake kwa furaha kwa sababu anahitaji video kuliko ninyi mnavyohitaji wimbo. Andikeni karatasi moja: nani ametunga, nani ametengeneza biti, mtautumia wapi, na yeye atapata nakala lini. Mwandike na jina la prodyuza, hao ndio husahaulika, na ndio wenye faili la biti mtakalolihitaji saa nane za usiku mtakapogundua kwamba wimbo mliopewa umerekodiwa kwa mapigo 233.